Picha Isiyokuwapo Mpaka Ihesabiwe

Ukivuka daraja la Sabaki, ukaiacha Malindi nyuma na kupita Mambrui na Gongoni, kuna njia ya kushuka Ngomeni. Ukisimama ufuoni pale utayaona majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini, yale ambayo Wataliano waliyatumia kurushia roketi kuanzia 1967 hadi 1988. Jina la San Marco kila mtu wa huku amelisikia. Lakini naona hatujaambiana vya kutosha ni kitu gani kilichopaa kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970.

Siku hiyo ilirushwa setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kutazama eksirei zinazotoka angani. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, na Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo huko NASA, akaipa setilaiti jina la Uhuru. Pwani yetu ilichaguliwa kwa kuwa iko karibu na ikweta. Mzunguko wa dunia huisukuma roketi inapopanda, na chombo kinachozunguka juu ya ikweta huliepuka lile eneo la chembe kali lililo juu ya Atlantiki ya kusini, ambalo lingevuruga vipimo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi ya setilaiti hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mimi nafanya kazi ya eksirei na CT, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande, hapa Malindi. Wagonjwa na jamaa zao huniuliza kila mara kwa nini ile mashine ya shimo inazunguka ilhali eksirei ya kifua haizunguki, na jawabu ninalolipenda huanzia Ngomeni.

Uhuru haikuwa na kamera. Ilikuwa na vihisi viwili vilivyopeana mgongo, kila kimoja kikitazama anga kupitia mwanya, na mmoja wa mianya hiyo ulikuwa na upana wa nusu digrii tu. Chombo kilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, na nyota yenye eksirei ilipopita mbele ya mwanya, hesabu ya fotoni, yaani chembe za mwanga wa eksirei, ilipanda kisha ikashuka. Hapo wanasayansi waliweza kusema kwamba nyota imo ndani ya ukanda huu mwembamba, lakini iko wapi katika urefu wa ukanda, hawakujua. Wakageuza mhimili wa chombo, wakaupitisha mwanya kwa pembe nyingine, wakapata ukanda wa pili unaoukata ule wa kwanza. Penye makutano ndipo penye nyota. Kwa njia hiyo walikusanya orodha ya vyanzo 339 vya eksirei angani.

Vipimo vyembamba vingi, kimojawapo peke yake hakisemi la kutosha, kila kimoja kimechukuliwa kwa pembe yake, halafu hesabu ifuate. Tomografia yote, yaani fani ya picha za vipande kama za CT, imejengwa juu ya wazo hilo.

Haikupita hata miezi kumi tangu Uhuru ipae. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko Wimbledon, London, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kichwani alilazwa kwenye mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Huyu alikuwa mhandisi wa kampuni ya EMI, mtu aliyejifunza rada katika jeshi la anga wakati wa vita, asiye na shahada ya chuo kikuu. Kwenye mashine hiyo, mrija wa eksirei na kihisi chake vilikipita kichwa kwa mstari ulionyooka vikisoma mara 160, vikageuka digrii moja, vikapita tena, mpaka vikamaliza digrii 180. Ukizidisha unapata vipimo 28,800. Hakuna aliyeona chochote pale pale. Namba ziliingia kwenye tepu ya sumaku, tepu ikapelekwa kwenye kompyuta iliyokuwa mahali pengine, na baada ya ukokotoaji ikatoka picha ya pikseli 80 kwa 80, ndani yake uvimbe wa mviringo, mweusi, ukionekana waziwazi katika ubongo wa mtu aliye hai.

Hilo ndilo jambo ambalo wengi hawalijui, hata baadhi ya watu wa fani za afya. Picha ya eksirei ya kifua ni kivuli, nacho hutua mahali pale pale mwangaza ulipopita. Picha ya CT haipo popote mpaka ihesabiwe. Mashine inakusanya jumla, na picha ni jibu la swali la hisabati.

Swali lenyewe ni hili. Chukua bao, lile la mashimo 32 na kete 64, ulifunike kanga. Mwenzio anayeona ndani akutajie jumla peke yake: mstari huu una kete ngapi, safu ile ya kusimama ina ngapi. Mistari ni minne, safu nane, kwa hiyo unapata jumla 12, na wewe unatafuta mashimo 32. Haitoshi, kuna mipangilio mingi mno inayokubaliana na jumla hizo. Mwombe akupe pia za ulalo, wa kulia na wa kushoto, utapata nyingine 22. Baadhi zitarudia habari uliyokwisha kuwa nayo, lakini uwezekano unazidi kupungua. Na yapo mambo unayoyajua bila kuambiwa: hakuna shimo lenye kete pungufu ya sifuri, na zote pamoja ni 64. Maarifa haya ya ziada yashike vizuri, kwa sababu miaka hamsini ya maendeleo katika fani hii imekuwa, kwa sehemu kubwa, ni kuyatumia kwa ustadi zaidi.

Kila mwonzi unaopenya kichwani unatoa jumla moja ya namna hiyo, yaani kiasi gani umezuiwa njiani, ukishachukua logi (logariti) ya kipimo chake. Kilichobaki ni kutafuta kila shimo lina nini.

Johann Radon, mwanahisabati wa Austria, alithibitisha mwaka 1917 kwamba ukiwa na jumla za mistari yote, kutoka pembe zote, jibu ni moja tu, na akaandika fomula yake. Hakuwa akiwaza hospitali. Maandishi yake yalikaa kwenye majarida ya Kijerumani, na walioyahitaji hawakuyajua.

Mmoja wa waliohitaji alikuwa Mwafrika Kusini, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilibaki bila mwanafizikia wa kusimamia matumizi ya isotopu, yaani vitu vinavyotoa mionzi, ingawa sheria ilitaka awepo, na Cormack akaombwa kushika nafasi hiyo siku moja na nusu kwa wiki. Alipoona jinsi matibabu ya mionzi yalivyopangwa kana kwamba mwili ni kitu kimoja kisichobadilika, mfupa na mapafu sawasawa, hakuridhika. Akajiuliza kama vipimo vinavyochukuliwa nje ya mwili vingeweza kueleza kilichomo ndani. Akatafuta kama kuna aliyelitatua, hakupata, akaanza kulitatua mwenyewe. Mwaka uliofuata alichukua kipande cha alumini cha mviringo kilichozungushiwa mbao, akakipitishia mionzi ya kobalti, akakokotoa. Majibu yalikubaliana na alichokitarajia, isipokuwa katikati kabisa palikuwa na tofauti ndogo isiyoelezeka. Akaenda kuuliza kwenye karakana iliyomtengenezea kipande kile. Akaambiwa ndiyo, katikati palikuwa na kigingi cha alumini ya aina nyingine kidogo.

Nakipenda kisa hiki kuliko vyote katika historia ya fani yangu. Hakuna aliyemwambia kuna kigingi. Hesabu ndiyo iliyomwambia, na hesabu hiyo ilifanyika katika bara letu. Cormack alichapisha kazi yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Miongoni mwa wachache walioomba nakala walikuwa watu wa kituo cha utafiti wa maporomoko ya theluji huko Uswisi. Habari za Radon alizipata miaka mingi baadaye. Mwaka 1979 yeye na Hounsfield waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba, ingawa kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake bila kumjua mwenzake.

Mtambo wa kwanza wa majaribio wa Hounsfield ulichukua siku tisa kukusanya vipimo vya picha moja, na kompyuta ikachukua saa mbili na nusu kuvikokotoa. Njia yake ilikuwa ya kurudiarudia: kisia picha, hesabu jumla ambazo picha hiyo ingetoa, linganisha na zilizopimwa, rekebisha, anza tena. Stefan Kaczmarz wa Poland alikuwa ameandika kanuni ya aina hiyo mwaka 1937. Ni njia nzuri, ila kompyuta za wakati ule ziliiona nzito. Ikapatikana nyepesi zaidi: chukua kila kipimo, kirudishe kwenye mstari kilikotoka, ukitandaze sawasawa. Ukifanya hivyo tu picha inatoka na ukungu, kwa sababu kila kitu kinaacha mikia kuelekea pembe zote. Lakini ukivichuja vipimo kwanza kwa kichujio mahsusi, mikia inafutana yenyewe. Ronald Bracewell na A. C. Riddle waliieleza mwaka 1967 kwa ajili ya astronomia ya redio, na Wahindi wawili, G. N. Ramachandran na A. V. Lakshminarayanan, wakaieleza upya mwaka 1971. Njia hiyo ilitawala hospitali kwa zaidi ya miaka thelathini. Angani na ndani ya fuvu, tena, hesabu ni moja.

Mengine yaliyofuata nayapitia haraka, kwa kuwa ni ya uhandisi zaidi: mwaka 1989 Willi Kalender na wenzake walionyesha skani ya kuzunguka huku kitanda kinasonga, kisha vihisi vikaongezwa safu kwa safu, na leo mashine nzuri inamaliza mzunguko mmoja ndani ya robo sekunde, kasi inayotosha kuukamata moyo unaodunda.

Kwa mtu wa Malindi haya yote yana uzito gani? Yana uzito usiku ambao mtu anapata kiharusi.

Mjomba wangu, mkaazi wa Mambrui, aliamka alfajiri mdomo umeenda upande na mkono wa kulia hauinuki. Shangazi alinipigia simu akasema, "Mwanangu, mjombako hasemi, anatutazama tu." Nilijua kinachohitajika. Kiharusi ni cha aina mbili kubwa: mshipa umeziba au mshipa umepasuka. Wa kuziba una dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ikitolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Dawa hiyo hiyo ukimpa aliyepasuka mshipa, unaweza kumuua. Kwa kumtazama mgonjwa huwezi kuzitofautisha kwa uhakika, hata uwe daktari wa namna gani. CT inazitofautisha kwa dakika chache, kwa sababu ya vipimo vilivyopewa jina la Hounsfield: maji ni sifuri, hewa ni hasi 1,000, tishu ya ubongo iko kati ya 20 na 40 hivi, na damu iliyotoka kumwagika iko 60 hadi 80. Tofauti hiyo ndogo haionekani kamwe katika eksirei ya kawaida ya kichwa. Kwenye CT damu inang'aa nyeupe.

Kituo kilichokuwa karibu mashine yake ilikuwa imekufa, inangoja spea. Ikabidi waende Mombasa, kilomita 120 hivi kutoka Malindi, kwa gari la jirani, kupitia Kilifi na foleni ya Mtwapa. Alipoingia kwenye mashine, muda wa dawa ulikuwa umepita, na hata hivyo hakuna aliyejua saa ambayo dalili zilianza usingizini. Mjomba yu hai, alhamdulillahi, anatembea na mkongojo na anawatambua wajukuu wake. Maneno hayakurudi. Na ndugu zetu wa Lamu, ambao kabla ya barabara wana boti ya kuvuka mpaka Mokowe, wana safari ndefu kuliko hiyo.

Ndiyo maana nafuatilia habari za ukokotoaji wa picha kama wengine wanavyofuatilia siasa. Mashine iliyo mbali ni mbali kwa sababu ni ghali na inadai umeme mzuri, mrija imara, chumba cha baridi na fundi wa karibu. Kila kitu ambacho hesabu inaweza kukifanya badala ya chuma kinaileta karibu.

Tuanze na mionzi. CT moja ya kichwa humpa mgonjwa takriban milisiverti 2, kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Mionzi ya asili tunayoishi nayo kwa mwaka ni 2.4 kwa wastani wa dunia. Si kitu cha kuogofya mbele ya kiharusi, lakini kwa mtoto, au kwa anayerudi mara kwa mara, kila kipunguo ni cha maana. Shida ni kwamba ukipunguza mionzi kwa nusu, chenga kwenye picha huongezeka kwa asilimia 41 hivi, hiyo ni sheria ya fotoni na haina rufaa. Hapo ndipo ile njia ya kurudiarudia iliyoachwa ilipopata nafasi tena, kuanzia mwaka 2009 hivi, kompyuta zilipokuwa na nguvu ya kutosha. Safari hii ilikuja na maarifa ya ziada: inajua kipimo kipi ni cha kuaminika na kipi kimedhoofika kwa kupita kwenye mfupa mzito, inajua tishu za mwili mara nyingi hubadilika taratibu isipokuwa kwenye mipaka ya viungo. Ni kama yule anayejua kwamba kete ni 64 na hakuna shimo la hasi. Mrija unaotoa mionzi midogo huchoka polepole zaidi, na hilo kwa hospitali inayongoja spea si jambo dogo.

Upande wa MRI, mashine inayopiga picha za mwili kwa sumaku badala ya eksirei, hatua ni kubwa zaidi. MRI ya kawaida ina sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5, iliyopozwa kwa heliamu ya kimiminika mpaka nyuzi hasi 269, na inakaa muda mrefu kukusanya vipimo. Mwaka 2006 Emmanuel Candès, Justin Romberg, Terence Tao na, kwa upande wake, David Donoho walithibitisha kwamba picha iliyo sahili ndani yake, hata kama usahili huo umejificha, inaweza kupatikana kwa vipimo vichache mno kuliko tulivyodhani, mradi vichukuliwe kwa mpangilio wa kubahatisha na hesabu ichague jibu sahili kuliko yote yanayokubaliana navyo. Mwaka uliofuata Michael Lustig akiwa na Donoho na John Pauly wakaonyesha inavyofanya kazi kwenye MRI. Muda wa kulala ndani ya mashine ukapungua.

Hesabu ikiwa hodari, sumaku inaweza kuwa dhaifu. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha MRI ya tesla 0.064 inayosukumwa kwa magurudumu mpaka kitandani kwa mgonjwa na kuchomekwa kwenye soketi ya ukutani. Na jirani zetu wa Uganda, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, walishirikiana na watafiti wa Leiden, Uholanzi, wakaiunganisha mashine yao mwaka 2022, yenye sumaku za kudumu zisizohitaji heliamu, kwa nia ya kuwasaidia watoto wenye maji kichwani. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kama niliyepata mtoto. Picha zake ni za chenga na hazilingani na za tesla 1.5, lakini daktari anayetaka kujua maji yamejaa kiasi gani hahitaji kuhesabu kila mkunjo wa ubongo.

Kuna jambo linalonitia hofu, na nalisema kwa sababu ndilo litakalofika huku kwa haraka zaidi kuliko yote. Tangu 2019 mashine za CT zimeanza kuidhinishwa zikiwa na akili bandia ndani ya ukokotoaji wenyewe. Mtandao wa neva, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, unafunzwa kwa maelfu ya picha safi, kisha unaletewa vipimo vya chenga na kutoa picha nyororo ajabu. Ni mtu aliyetazama michezo mingi sana ya bao, ukimpa jumla chache atakupangia kete zote, na mara nyingi atapatia. Anapokosea lakini, kosa lake linafanana na bao halali. Mwaka 2020 Vegard Antun, Anders Hansen na wenzao walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba baadhi ya mitandao hiyo, ukiitikisa data yake kwa kiasi kidogo kisichoonekana kwa jicho, inatoa picha iliyoharibika vibaya, na kwamba kitu kidogo kilichomo mwilini kinaweza kufifia au kutoweka katika picha iliyo safi. Zile chenga za zamani zilikuwa na heshima yake, zilikwambia wazi kwamba hapa sioni vizuri. Picha nyororo haikwambii.

Siipingi teknolojia hii. Mjomba wangu angepata CT ya mionzi midogo yenye akili bandia pale Mambrui saa ile ile, ningeipokea kwa mikono miwili. Ninachodai ni kwamba picha iwajibike kwa vipimo. Ile hatua ya katikati ya Hounsfield na Kaczmarz, kuihesabu upya jumla ambayo picha ingetoa na kuilinganisha na iliyopimwa, inaweza kuwekwa ndani ya akili bandia pia, na zipo njia zinazofanya hivyo. Shimo moja likijazwa kwa mazoea tu, mashine iweze kulitaja.

Kwa hiyo muuzaji akija Malindi na kompyuta yake yenye picha za kupendeza, mimi huuliza maswali ambayo hayamo kwenye karatasi zake. Mtandao huu ulifunzwa kwa picha za wagonjwa wa wapi? Naweza kuzima akili bandia nikaona picha ya kichujio cha kawaida kando yake? Na vipimo ghafi, zile jumla zenyewe kabla hazijawa picha, vinahifadhiwa kwa muda gani? Hili la mwisho ndilo linalowashangaza. Mashine nyingi huvifuta baada ya siku chache ili kupata nafasi kwenye diski, na vikishafutwa, hakuna njia bora ya mwaka 2035 itakayoweza kukokotoa upya kichwa kilichoskaniwa leo. Diski kubwa ni bei ndogo sana ukilinganisha na mrija mmoja wa eksirei. Ningependa kuona kaunti zetu, Kilifi na Lamu, zinapoandika zabuni ya mashine ya picha, zikitia sharti moja la ziada: vipimo ghafi vya kila mgonjwa wa kiharusi vihifadhiwe, katika mpangilio ambao mtu mwingine asiye mtengenezaji anaweza kuusoma, na viwe mali ya hospitali.